Kioo Kilichomficha Muuza Mkaa

Nilitazama nyuma. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemsimulia habari hii ameniuliza, na mimi mwenyewe nimejiuliza kuliko wote. Nilitazama kioo cha ndani, nikatazama vya pembeni, nikageuza shingo mpaka mkanda ukanibana bega. Nyuma ya gari palikuwa na giza, na giza lile mimi nikalichukua kuwa ni njia tupu.

Ilikuwa saa kumi na moja kasorobo alfajiri, masika yamekolea, umeme umekatika tangu jioni. Nyumba yetu iko upande wa Pugu, na geti linafungukia njia ya udongo inayokwenda kukutana na lami ya kutoka Kisarawe. Wanaoishi huku wanajua saa hizo njia ni za nani. Ni za watu wa mkaa. Wanashuka na baiskeli kabla hakujapambazuka, magunia yamefungwa kwa mipira nyuma ya tandiko, yamerundikwa mpaka yanampita mwendeshaji kichwa, na wengi hawana taa. Mkaa wenyewe mweusi, gunia limelowa, na baiskeli haina hata kile kipande chekundu cha kuakisi mwanga. Kwenye giza, mzigo kama huo haurudishi mwanga wowote wa maana.

Nikaweka rivasi, nikaachia breki taratibu. Nilisikia kishindo kidogo, kama debe tupu limeanguka uani kwa jirani, halafu sauti ya mtu: "Lahaula!"

Nikashuka mbio. Mzee mmoja, rika la baba zangu wadogo, alikuwa amekaa kwenye matope ameshika kiwiko. Baiskeli imelala ubavu, gunia moja limepasuka, mkaa umetapakaa mpaka chini ya bampa.

"Hukuniona, mwanangu?"

"Sikukuona, baba. Nisamehe sana."

Akalitazama gari kwa muda. Taa za rivasi zilikuwa bado zinawaka, zinammulika uso.

"Mimi nilikuona," akasema. "Taa ziliponiwakia nikajua umeshaniona."

Kiwiko kilikuwa kimechubuka na goti likavimba. Zahanati walimsafisha, wakamfunga bandeji, na baada ya siku kadhaa alikuwa amerudi kwenye baiskeli yake. Mkaa niliununua wote, rimu ikanyooshwa. Lakini maneno yake hayakuniacha. Alikuwa hatua tatu nyuma yangu, amemulikwa na taa zangu mwenyewe, akaamini kwamba anayemmulika anamwona. Ni imani ya haki kabisa. Hata mimi ningeamini hivyo. Taa zilifanya kazi yake. Kilichoshindwa ni kioo kilichokuwa kati yetu.

Gari lile nililinunua kwa mtu, si yadi. Ni gari la familia, la kutoka Japani kama mengi yanayoshuka bandari ya Dar, na mwenye nalo wa kwanza alikuwa amelipiga tinti nyuma yote, na nyingine nyepesi kwenye madirisha ya mbele. Nilikwenda kulitazama mchana wa saa saba, jua la utosini. Nikakaa ndani, nikaona pamepoa, nikaona watoto watalala vizuri safari ya Tanga. Kioo cha nyuma kilionekana cha moshimoshi tu, wala hakikunitia wasiwasi. Gari hununuliwa mchana. Sijapata kumwona mtu aliyekwenda kujaribu gari saa mbili usiku kwenye njia isiyo na taa, na leo naamini kila mnunuzi angepaswa kufanya hivyo.

Jambo nililokuwa silijui, na ambalo nimegundua wengi hawalijui, ni kwamba gari lilikuwa na giza hata kabla ya tinti. Magari mengi ya familia yanayotengenezwa Japani hutoka kiwandani na vioo vyeusi kuanzia milango ya nyuma kwenda nyuma. Hiyo si karatasi ya kubandika. Ni rangi iliyochanganywa kwenye kioo chenyewe kikiwa bado hakijaganda. Ukikikwaruza kwa kucha hakibanduki kitu. Kioo cha namna hiyo hupitisha kama robo moja au moja ya tano ya mwanga unaokipiga. Sasa mwenye gari wa kwanza, kwa kutaka giza zaidi, akabandika juu yake tinti ya asilimia 20, yaani inayopitisha mwanga 20 tu katika kila 100.

Hapo ndipo watu tunapokosea hesabu. Mtu akisikia asilimia 20 juu ya asilimia 20 anafikiri mambo yamebaki palepale, au yamepungua kidogo. Vioo havijumlishwi; vinazidishwa. Chukua punje 100 za mwanga zinazokuja kutoka kwa yule mzee. Tinti inaruhusu 20 zipite, kioo cha kiwandani kinaruhusu moja ya tano ya hizo 20, na machoni pangu zinafika 4. Fundi niliyemwendea baadaye alikuwa na kipimo kidogo cha kubana kioo cha mlango katikati. Alipokibana kwenye mlango wa nyuma kilisoma 4. Alipobandua tinti na kupima kioo kitupu kilisoma 22.

Nne katika mia. Mchana zinatosha, kwa sababu jua la kwetu lina mwanga wa kumwaga, na ukipoteza sehemu 96 bado unaona lori, unaona mti, unaona mtoto mwenye sare. Usiku mwanga wenyewe unaotoka nje ni wa kuokoteza. Balbu ya taa ya rivasi kwenye magari mengi ni ya wati 21, na hiyo inalimwagia mwanga gunia la mkaa, ambalo linaumeza karibu wote. Kile kidogo kinachorudi ndicho kinachokwenda kugawanywa tena na kioo.

Kuna jambo la pili ambalo lilinichukua muda kulielewa, nalo naliona baya kuliko la kwanza. Kioo chochote, hata kisafi, hurudisha sehemu ndogo ya mwanga kama kioo cha kujitazamia. Kila uso wa kioo hurudisha kama asilimia 4. Mchana huioni, kwa sababu mwanga unaotoka nje ni mwingi mno na unaifunika. Lakini kaa ndani ya gari usiku, dashibodi inawaka, redio inawaka, simu ya abiria inawaka, halafu tazama kioo kilichopigwa tinti nzito. Mwanga wa ndani unaorudi kutoka kwenye kioo unaweza kuushinda ule wa nje unaojipenyeza. Wakati huo hutazami tena nje. Unatazama taswira ya ndani ya gari lako: viti, mwanga wa redio, uso wako. Asubuhi ile, nilipogeuza shingo, niliona vidoa viwili vya buluu vikining'inia kwenye kioo cha nyuma. Nilivizoea, sikuwa hata navijali. Vilikuwa ni taa za redio. Mzee alikuwa nyuma ya vidoa vile.

Mtu ataniambia, kamera je? Gari langu lina kamera ya nyuma, na asubuhi ile ilikuwa imepakwa matope ya jana yake, skrini inaonyesha ukungu wa kahawia. Kamera safi ni msaada mkubwa na sitaki kuibeza. Ila skrini inayowaka mbele ya macho gizani ina bei yake, maana jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu, na mwanga mkali wa sekunde chache unaharibu kazi hiyo. Unatoa jicho kwenye skrini, unatazama kioo, huoni kitu, unarudi kwenye skrini.

Na umri nao upo. Nina miaka 52. Mboni ya jicho haifunguki tena kama ya kijana, na lenzi ya ndani inaanza kuwa na umanjano. Wataalamu wa macho wanasema mtu wa miaka 60 hupata kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kama theluthi moja tu ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 wakiwa mahali pamoja. Kwa hiyo kijana anayebandika tinti dukani na kuniambia "mbona inaonekana fresh, mzee" anasema kweli yake. Anatazama kwa macho yake. Gari nitaliendesha mimi, kwa macho yangu, na kila mwaka kioo kilekile kitazidi kuwa cheusi bila mtu kukigusa.

Sitaki kuwasema watu wanaoweka tinti kana kwamba ni wajinga au wana maringo. Sababu zao nazijua kwa sababu ni zangu pia. Gari lililosimama juani Kariakoo kwa saa mbili huwezi kushika usukani. Mtoto mchanga aliyelala kiti cha nyuma anahitaji kivuli. Dada zangu wawili wanaendesha peke yao usiku, na wanaposimama kwenye foleni hawataki kila apitaye ajue kuwa ndani yuko mwanamke mmoja na mkoba wake uko kitini. Haya ni mahitaji ya kweli. Ninachobisha ni kwamba giza ndilo lililokuwa jibu.

Joto, kwa mfano. Karibu nusu ya nguvu ya jua inayotufikia ni miale ambayo jicho haliioni kabisa, ile ya chini ya nyekundu. Weusi wa tinti unazuia mwanga unaoonekana, lakini hauna uhusiano wa lazima na ile miale mingine. Tinti ya bei nafuu ya rangi tupu hufanya kazi kwa kunyonya: inapata moto yenyewe, kisha inaupeleka moto huo ndani na nje. Zipo tinti za kauri, ghali zaidi, ambazo huzuia sehemu kubwa ya joto huku zikipitisha mwanga mwingi hivi kwamba ukizitazama unadhani kioo ni kitupu. Mtu anayetaka ubaridi anaweza kuupata bila kulipa kwa macho yake. Lakini dukani utaulizwa: "Unataka nyeusi kiasi gani?" Sijaulizwa hata siku moja kama nataka baridi kiasi gani.

Sababu inayotajwa sana na madereva wa safari ndefu ni taa za nyuma. Unatoka Chalinze usiku, basi limekukalia mgongoni limewasha fulu, kioo cha ndani kinageuka jua. Tinti inasaidia hapo, nakubali. Lakini kwenye vioo vingi vya ndani, chini yake, kuna kijiti kidogo cha plastiki ambacho nimekuta madereva wa miaka mingi hawajui kazi yake. Kioo kile kimetengenezwa kwa umbo la kabari, upande mmoja mnene kuliko mwingine, na rangi ya fedha iko nyuma. Ukivuta kijiti, ule uso wa fedha unaelekezwa darini na wewe unabaki kutazama kwa ule uso wa mbele wa kioo kitupu, unaorudisha asilimia 4 tu. Fulu ya basi inageuka vidoa viwili hafifu. Basi likikupita, unarudisha kijiti, na unaona kama kawaida.

Uzuri wa kijiti kile ni kwamba ni uamuzi wa dakika moja, unaoweza kuubadili dakika inayofuata. Tinti ni uamuzi uliofanywa dukani mchana mmoja, na unakufuata kila alfajiri, kila mvua, kila umeme ukikatika.

Ukiangalia sheria za wenzetu utaona wamelinda mbele na kuiacha nyuma. Japani kioo cha mbele na madirisha ya milango ya mbele lazima vipitishe angalau asilimia 70 ya mwanga. Uingereza, kwa magari yaliyoanza kutumika kuanzia Aprili 1985, ni asilimia 75 kwa kioo cha mbele na 70 kwa madirisha ya mbele. Vya nyuma, nchi zote mbili zimeviacha huru. Mantiki yake naielewa: gari la mizigo lisilo na dirisha la nyuma kabisa linaruhusiwa barabarani, maadamu lina vioo vya pembeni. Lakini vioo vya pembeni unavitazama kupitia dirisha la mlango wa mbele. Wakilinda dirisha lile, wamelinda vioo vile. Sisi tunaiga uhuru wa nyuma, kisha tunabandika na mbele pia, na mtu anabaki hana mahali pa kutazamia. Ndivyo nilivyokuwa asubuhi ile. Kioo cha ndani kilinionyesha redio, na vya pembeni nilikuwa navitazama kupitia utando mwingine.

Kuna la tatu ambalo halinihusu mimi bali anayenifuata. Ile taa ya breki ya katikati, iliyo juu, ambayo Marekani waliilazimisha kwenye magari madogo tangu modeli za 1986, kwenye magari mengi imefungwa ndani ya kioo cha nyuma. Mwanga wake hutoka nje kupitia kioo. Fundi asiye makini hubandika tinti mbele yake moja kwa moja. Nilimwomba kijana wangu akanyage breki nikiwa nimesimama nyuma ya gari saa sita mchana, na taa ile sikuiona kabisa. Nilipoziba jua kwa mikono nikaona kijimstari chekundu hafifu. Na huyo anayenifuata, ambaye zamani angeweza kuona kupitia vioo vyangu kwamba gari la mbele yangu limefunga breki, sasa ananiona mimi tu kama ukuta. Mwenda kwa miguu naye ana kawaida ya kutafuta macho ya dereva kabla hajavuka. Kwenye kioo cheusi hana cha kutafuta.

Kubandua ilikuwa kazi ya siku nzima. Tinti ilikuwa imeanza kuzeeka: rangi imegeuka zambarau, kwa sababu rangi zilizochanganywa kupata weusi hazififii kwa kasi moja na zambarau ndiyo iliyobaki, na gundi ilikuwa imeachia kwa joto, mapovu yametapakaa kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mapovu usiku ni balaa peke yake. Taa moja ya bodaboda inayokuja nyuma inavunjika kuwa ishirini.

Madirisha ya milango yalibanduka kirahisi. Kioo cha nyuma ndicho kinachotaka uvumilivu, kwa sababu ya ile mistari myembamba ya kahawia inayopita kwa mlalo. Watu wengi wa Dar hawajawahi kuitumia na wengine wanadhani ni urembo. Ni nyaya zilizochapwa kwenye uso wa ndani wa kioo. Ukibonyeza swichi yake umeme unapita, kioo kinapata joto na ukungu unakauka. Kwenye baadhi ya magari antena ya redio nayo imechapwa humohumo. Tinti imebandikwa juu yake, kwa hiyo ukiivuta kwa pupa unang'oa na nyaya, na ukitumia wembe umezikata. Fundi wa kwanza niliyemuuliza alitoa wembe mfukoni kabla sijamaliza sentensi. Nikamshukuru nikaondoka.

Wa pili alifanya kazi kama mtu anayeujua ugonjwa. Alifunika viti vya nyuma, akapuliza hewa ya moto kutoka nje ya kioo mpaka gundi ikalainika, akaanza pembeni, akavuta kwa kufuata mistari inakoelekea, kidole kwa kidole, huku msaidizi akinyunyiza maji ya sabuni. Gundi iliyobaki aliisugua kwa kitambaa laini na maji ya sabuni, chuma chochote kikiwa mbali. Hata hivyo mistari miwili ilikatika, pale ambapo mapovu yalikuwa yameshaivuta zamani. Akautengeneza mmoja kwa rangi maalumu yenye madini ya fedha, mwingine ulikataa. Siku ya mvua iliyofuata nilibonyeza swichi, na baada ya dakika chache ukungu ukafunguka kwa milia kama chandarua cha dirishani, na mlia mmoja tu umebaki mweupe katikati.

Sikurudisha tinti nyuma. Kioo cha kiwandani kinatosha kwa kivuli. Mbele niliweka ya kauri, baada ya kukipima kioo kwanza na kupiga hesabu ya kuzidisha kwenye karatasi pamoja na muuzaji. Mke wangu alilalamika wiki mbili kwamba anaonekana akiwa ndani, kisha akazoea.

Kabla ya kwenda kwa fundi nilikuwa nimefanya jaribio moja, na baada ya kutoka nikalirudia, mahali palepale, saa mbili usiku, tena umeme umekatika. Kijana wangu wa darasa la sita alivaa sweta lake la shule la buluu nzito. Mimi nikakaa kwenye usukani, nikaweka rivasi huku breki ya mkono imefungwa na mguu uko kwenye breki, na yeye akaenda kusimama kwenye kona ya ukuta, pembeni kabisa mwa njia ya gari, akawa anarudi nyuma hatua moja moja huku akihesabu kwa sauti. Kazi yangu ilikuwa kumwambia nikimpoteza.

Mara ya kwanza, kabla ya kubandua, nilimpoteza hatua ya nne. Sauti yake niliisikia vizuri, tano, sita, saba, inatoka kwenye kioo ambacho hakikuwa na mtu.

Mara ya pili alifika kumi. Akafika kumi na tano, sweta limekuwa kivuli lakini lina mabega, lina kichwa. Alipofika kumi na tisa alikuwa amegusa mwarobaini wa jirani na hakukuwa na nafasi tena ya kurudi.

"Baba, bado unaniona?"

Nikamwambia ainue mkono bila kuniambia ni upi. Akainua wa kushoto.